Daktari Burkitt na uvimbe wa taya za watoto

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alisomea udaktari Dublin, akawa daktari wa upasuaji, na mwaka 1946 akaanza kazi Uganda: kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Watoto wawili

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mvulana wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba juu na chini, kulia na kushoto, na meno yalikuwa yamelegea. Wiki chache baadaye, mjini Jinja, Burkitt alimwona msichana mwenye uvimbe kama ule. Huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Alipopekua mafaili ya watoto Mulago, akagundua kwamba mara nyingi uvimbe wa taya na wa tumbo huenda pamoja. Ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani, na leo unaitwa kwa jina lake.

Safari ya mwaka 1961

Burkitt na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri wiki 10, takribani kilomita 16,000, kupitia Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa uko penye joto na mvua. Karibu na ikweta, haukuonekana juu ya mita 1,500. Maeneo hayo yenye ugonjwa ndiyo yenye malaria nyingi.

Ndani ya kinywa na koo

Njia ya chakula huanzia kinywani. Kinywa na koo vimefunikwa na utando laini wenye unyevu. Chini ya utando huo, hasa nyuma ya koo kwenye mafindofindo, kuna tishu za kinga zilizojaa chembe nyeupe za damu.

Mwaka 1964 watafiti wa London walitangaza kuona virusi ndani ya chembe za uvimbe aliowatumia Burkitt. Virusi hivyo huenea kwa mate, na karibu kila mtu huvipata, wengi utotoni, bila madhara. Lakini mtoto akiugua malaria mara kwa mara, kinga yake huvurugika, na chembe nyeupe zenye virusi huweza kugeuka saratani. Kwa hiyo mama, usiogope kumbusu mwanao. Ugonjwa huu si kosa lako.

Dawa zilifanya kazi

Kisu hakikuweza kuuondoa uvimbe wote, na Mulago hakukuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa za saratani, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Hadi leo dawa ndizo tiba kuu.

Aliondoka Uganda mwaka 1966. Akiwa Uingereza alihimiza watu kula nafaka zisizokobolewa, kama dona na uwele tunavyokula huku. Alifariki mwaka 1993.

Sisi wa Dodoma tufanye nini?

Mkoa wetu ni mkavu, na malaria ni kidogo kuliko Kanda ya Ziwa. Lakini watoto husafiri na familia huhama. Mlaze mtoto ndani ya chandarua, na akipata homa apimwe malaria mapema.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona:

- taya au shavu linavimba haraka, hata kama haliumi
- meno yanalegea kabla ya wakati wake
- jicho linasukumwa nje
- tumbo linavimba na kuwa gumu

Mara nyingi uvimbe wa shavu ni jipu la jino tu. Lakini usipopungua baada ya dawa, omba rufaa kwenda hospitali kubwa, kama Benjamin Mkapa hapa Dodoma. Kung'oa meno au kuchanja uvimbe nyumbani hakuondoi saratani, na uvimbe huu hukua kwa siku, si kwa miezi. Mtoto anayefika mapema ana nafasi kubwa ya kupona.