Aliyemleta Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Baada ya shule alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mwaka 1948 akaingia kwenye magazeti. Tangu 1958 hadi 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima.

Mwaka huohuo wa 1958, Uingereza, Ian Fleming alitoa Dr. No, kitabu cha sita cha James Bond. Wakati huo Abdulla ameshinda shindano la hadithi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa 1960. Bond ni jasusi, Bwana Msa ni mpelelezi wa kujitegemea (ingawa wengi humwita hata jasusi mpelelezi). Huyu wa Unguja ana kiko na akili tu. Maiti inakutwa mzimuni. Wengine wanafikiria mizimu, yeye anamtafuta mtu. Vitabu vikafuatana: Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Abdulla alifariki 1991.

Kwetu Kapata, Kolwezi, "watu wa kale" ni bantu ba zamani. Abdulla aliandika kwa lugha ya kwao, na Kiunguja ndicho kilichokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Bahati hiyo sisi hatukuipata. Atakayeandika juu ya mpelelezi wa migodini kwetu itabidi aamue kwanza azungumze kama nani. Mimi ningemwacha aseme bantu.