Wazazi wa Peter Cameron Scott

Jumapili iliyopita mama mmoja alibaki kwenye benchi la nyuma wengine walipokuwa wanatoka. Kijana wake aliondoka nyumbani, simu ni mteja, na mama ameomba mpaka magoti yamechoka. Alitaka kujua kama kulia kwake kunaonyesha kwamba hana imani. Sikuwa na jibu la haraka. Lakini njiani nikienda nyumbani nikakumbuka familia moja ambayo safari yake iliishia hapa hapa Makueni. Mtoto wao tunamjua. Wazazi ndio tunawasahau.

Peter Cameron Scott ndiye alianzisha Africa Inland Mission, misheni iliyozaa kanisa la AIC. Alizaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1867. Akiwa bado mvulana familia ikahamia Philadelphia, Marekani. Kwa hivyo hao wazazi walijua vizuri kufunga mizigo na kuacha kwao.

Peter alikuwa na sauti, na si sauti ya kwaya tu. Alifundishwa kuimba, na akatamani kwenda kwa opera, ile michezo mikubwa ya kuimba jukwaani. Wazazi hawakuridhia. Waliogopa ulimwengu utamchukua mtoto. Inasimuliwa kwamba alifika mpaka kwenye ngazi za jumba la opera, akasimama pale akipigana na moyo wake, halafu akageuka akaamua maisha yake ni ya Mungu. Ni mzazi gani hangeshukuru? Lakini ona jambo hili: mtoto waliyeogopa atapotelea jukwaani, sasa Mungu anamwita mbali kuliko jukwaa lolote.

Mwanzo wa 1891 Peter alifika Kongo kama mmishonari. Baadaye kaka yake John akamfuata huko. Haikupita miezi mingi John akafa. Peter mwenyewe ndiye alimtengenezea jeneza, na Peter mwenyewe ndiye alichimba kaburi.

Sisi Wakamba tunajua maana ya kumleta mtu wetu nyumbani azikwe kwenye shamba la kwao. Hata kama amefia Mombasa ama Saudia, tunachanga mpaka mwili ufike. Hawa wazazi hawakuwa na mwili. Walibaki na habari tu, iliyokuja kwa meli kuvuka bahari, na mtoto wa pili bado yuko kule kule kwenye homa.

Peter naye aliugua, akalazimika kutoka Kongo. Akiwa Uingereza alipiga magoti kwenye kaburi la David Livingstone ndani ya Westminster Abbey, London. Hapo wito ukawaka upya. Akaona mstari wa vituo vya injili kuanzia pwani ya Afrika Mashariki kuelekea bara mpaka Ziwa Chad.

Mimi nilisomea biashara. Tulifundishwa kwamba mtu akipata hasara mahali, hawekezi tena pale pale. Wazazi wa Scott walikuwa wamezika mtoto mmoja Afrika bila kumwona, na mwaka 1895 huyu mwingine anasema anarudi Afrika. Na si yeye peke yake, dada yake Margaret pia alikuwa kwenye kundi lile la kwanza. Walifika Mombasa Oktoba, wakashika njia ya msafara kuja bara. Hapa Kibwezi wamishonari wa Uskoti walikuwa wameshaanza kazi tangu 1891. Kundi la Scott likaenda kuanzia Nzaui, chini ya ule mlima wa mwamba, mwezi wa Desemba.

Mwaka uliofuata wazazi wakafanya jambo ambalo mimi linanigusa kuliko yote. Walifunga mizigo tena, wakiwa watu wazima sasa, wakachukua binti yao mdogo Ina, wakamfuata Peter Ukambani.

Mwaka huo wa 1896 kazi ilienea Nzaui, Sakai, Kilungu na Kangundo. Peter alitembea kama kilomita 4,000 kwa miguu. Tarehe 4 Desemba 1896 homa kali ya malaria ikamuua. Alikuwa na miaka 29. Wazazi wake walikuwa wamekaa nchi hii miezi michache tu.

Tunapenda kuhubiri kwamba ukimwachilia mtoto mikononi mwa Mungu, lazima atarudi na ushuhuda. Baba wa Luka 15 alirudishiwa wake, ni kweli, na tunaamini. Lakini Hana hakurudishiwa Samweli akae nyumbani. Alimshonea kanzu ndogo, akampelekea kila mwaka, na kila mwaka akarudi nyumbani bila yeye. Wazazi wa Scott walivuka bahari na kanzu yao, tuseme hivyo, na hata miezi haikufika mingi. Na bado ni watu waliomwamini Mungu, kuanzia siku walipomkataza jukwaa. Mama, Yesu alijua Lazaro atatoka kaburini na bado alilia. Hakuna aliyemuuliza imani yake iko wapi.

Baada ya kifo kile misheni ilikaribia kwisha. Wengine walikufa, wengine wakarudi kwao, halafu ikaja ile njaa kubwa wazee wetu waliita Ngomanisye. Kufika 1899 karibu hakukubaki mtu. Charles Hurlburt ndiye aliyeshika kazi ikasimama tena, na mwaka 1903 makao yakahamia Kijabe. Leo ukienda soko lolote la Ukambani hukosi kanisa la AIC, na hata sisi Wapentekoste, wengi wetu nyanya zetu walisikia injili mara ya kwanza huko. Sisemi kwamba hayo yalimlipa mama yake Peter. Mtoto halipwi kwa makanisa.

Ijumaa hii kwenye kesha, kuanzia saa tatu usiku, tutaombea watoto walioondoka nyumbani: walioenda kazi, walioenda kwa hasira, na wale hatujui wako wapi. Njoo na jina limeandikwa kwenye karatasi, jina la kwanza tu linatosha. Hakuna atakayekuuliza aliondoka vipi. Na ukitaka kulia, lia. Viti vya mbele tumewaachia nyinyi.