Cousteau: Baharia aliyejifunza kwa papa

JACQUES-YVES Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910 katika mji wa Saint-André-de-Cubzac, Ufaransa. Alijiunga na jeshi la majini akiwa na ndoto ya kuwa rubani, lakini ajali ya gari ilimwumiza mikono vibaya na kuizima ndoto hiyo. Akaanza kuogelea baharini ili mikono ipate nguvu. Rafiki yake, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kuogelea, naye alipotazama chini ya maji aliona ulimwengu ambao hakuuacha tena.

Wakati huo wapiga mbizi wengi walitegemea pumzi zao au bomba la hewa kutoka juu. Mwaka 1943, Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachotoa hewa kwenye mtungi pale tu mtu anapovuta pumzi. Tangu hapo, binadamu aliweza kuelea kando ya mwamba wa matumbawe na kumtazama papa uso kwa uso.

Akiwa na meli yake, Calypso, alizunguka Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hadi Shelisheli. Filamu ya safari hizo ilishinda tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956.

Hata hivyo, filamu hiyo ina doa. Rafadha ya Calypso ilimjeruhi mtoto wa nyangumi. Papa walipokuja kumla, mabaharia waliwavuta kwa kulabu na kuwaua kwa hasira, ingawa papa hawakuwa na kosa. Aliyemjeruhi nyangumi ni meli yenyewe. Kwingineko walilipua mwamba kwa baruti ili wahesabu samaki, jambo ambalo mvuvi wa pwani yetu angekamatwa nalo leo.

Mwaka 1963, Cousteau alijenga nyumba yenye umbo la kiti cha pweza katika kina cha mita 10 huko Sha'ab Rumi, Sudan. Watu waliishi humo takriban mwezi mmoja, papa wakipita jirani. Mabaki ya mradi huo, pamoja na kizimba cha chuma cha kujikinga na papa, yamevaa matumbawe na kuwa kivutio cha wapiga mbizi.

Umri ulimbadilisha. Mwaka 1970 alitoa kitabu kuhusu papa pamoja na mwanawe Philippe, na mwaka 1973 akaanzisha taasisi ya kulinda bahari. Philippe alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1979, pigo ambalo mzee huyo alilibeba hadi mwisho.

Cousteau alifariki Paris Juni 25, 1997, akiwa na miaka 87. Kifaa chake ndicho kinachowapeleka wageni kwenye miamba ya Pemba, Mafia na Watamu. Funzo lake ni zito zaidi: aliyewafungulia watu mlango wa bahari alichelewa kuiheshimu, lakini hakuona aibu kubadilika.