Olonana na Nduguye

Msafiri atokaye Kitengela kwenda Kajiado hupita katika nyika ya malisho ya Wamasai, ingawa sasa pengi pamekatwa viwanja. Watu hawa walikuwa na mkuu wao wa uganga, Mbatian, aliyekufa yapata mwaka 1890. Nasi uganga hatuusadiki wala hatuuruhusu. Tuitakayo hapa ni khabari ya nyumba yake, na ya mwanawe Olonana, ambaye wengi humwita Lenana.

Yasimuliwa kuwa Mbatian alipokaribia kufa alimwita Sendeyo, mwanawe mkubwa, akamwambia aje asubuhi ampe alama za ukubwa. Olonana aliyasikia hayo kwa kujificha. Alfajiri akamtangulia nduguye. Na mzee, aliyekuwa na jicho moja, hakumtambua katika kiza, akampa rungu la chuma na pembe ya dawa. Sendeyo alipofika jambo limekwisha. Akakataa kumtii mdogo wake, Wamasai wakagawanyika mapande mawili wakapigana, na katika miaka hiyo hiyo sotoka ikaua ng'ombe, ndui na njaa zikaua watu.

Ndugu zetu, kosa ni la nani? Olonana alimkhadaa baba, na Sendeyo alikata udugu. Lakini sisi twamtazama mzee zaidi: amri ya jamaa nzima aliinong'ona, pasi shahidi wala shauri. Wangapi katika miji yetu humwahidi mtoto mmoja nyumba au duka, wamejifungia chumbani, na hali sharia imekwisha kumgawia kila mrithi fungu lake, na Mtume (S.A.W.) ametuamrisha uadilifu baina ya watoto?

Wala asije mtu akajitetea kwa Nabii Yaakub (A.S.) kumpenda Yusuf. Moyo haumilikiwi. Yeye hakumnyima mwana haki yake, bali alimwonya Yusuf aifiche ndoto, asiwatie nduguze husuda. Walioasi ni wao, waliomtupa kisimani. Na Yusuf alipokuwa na amri katika Misri aliwasamehe.

Olonana naye alipatana na Sendeyo mwaka 1902. Mwaka 1904 aliukubali mkataba wa Waingereza, Wamasai wakaondolewa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, wengine kusini. Alikufa mwaka 1911. Mkataba wa pili, wa kuwatoa hata hao wa Laikipia, ulifungwa mwaka huo huo, na aliyewekwa mbele kuutilia alama ni mwanawe Seggi, angali kijana mdogo.