Abbie Lathrop

Abbie E. C. Lathrop (1868 – 1918) alikuwa mwalimu na mfugaji wa panya wa nchini Marekani. Alianza kufuga panya wadogo ili kuwauzia watu waliopenda kuwa nao nyumbani, lakini panya wake wakawa chanzo cha nasaba zinazotumika hadi leo katika maabara duniani kote. Ingawa hakusomea sayansi chuoni, alifanya utafiti wa saratani pamoja na daktari Leo Loeb, na jina lake liliandikwa pamoja na la Loeb katika majarida ya kisayansi.

Maisha ya awali

Lathrop alizaliwa katika jimbo la Illinois. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu, nao walimfundisha nyumbani hadi alipofikisha umri wa miaka 16. Baadaye alisoma kwa miaka miwili katika shule ya Aledo Academy, akapata cheti cha ualimu na kuanza kufundisha.

Alilazimika kuacha kazi hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa upungufu wa damu unaotokana na mwili kushindwa kufyonza vitamini B12. Wakati huo vitamini hiyo ilikuwa haijagunduliwa, na ugonjwa wenyewe haukuwa na tiba. Mnamo mwaka 1900 alihamia kijiji cha Granby katika jimbo la Massachusetts. Huko alijaribu kufuga kuku, lakini biashara haikufanikiwa.

Kuanza ufugaji wa panya

Baada ya kuacha kuku, Lathrop alianza na jozi moja ya panya wanaozungukazunguka kama wanaocheza dansi. Panya hao, wenye asili ya Asia ya Mashariki, huzunguka kwa sababu ya kasoro ya kurithi katika sikio la ndani. Walipendwa sana na wafugaji wa wakati ule. Nchini Uingereza wapenzi wa panya walikuwa tayari wameunda chama chao cha kitaifa mwaka 1895, na mtindo huo ulienea hadi Marekani.

Lathrop alizalisha panya wa rangi mbalimbali, akaongeza panya wa mwituni walionaswa katika majimbo ya Vermont na Michigan, kisha panya wakubwa, sungura na simbilisi. Panya jike hubeba mimba kwa takriban siku 20, na watoto wake huweza kuzaa wakiwa na umri wa wiki sita hivi. Kwa hiyo jozi moja isipotenganishwa hugeuka kundi kubwa kwa muda mfupi. Kwa mfugaji wa kawaida hilo ni tatizo. Kwa Lathrop lilikuwa biashara. Kuna wakati alikuwa na panya zaidi ya 11,000.

Matunzo

Panya wa Lathrop waliishi katika masanduku ya mbao yaliyotandikwa majani makavu, yaliyopangwa ghalani na katika mabanda. Walilishwa oti, nafaka inayofanana na shayiri, pamoja na biskuti ngumu. Shamba lilitumia takriban tani moja na nusu ya oti kwa mwezi. Kiasi hicho ni kikubwa kwa sababu ya wingi wa wanyama, kwani panya mmoja mdogo hula gramu 3 hadi 5 tu kwa siku.

Kazi iliyochukua muda mwingi ilikuwa usafi. Mkojo wa panya hutoa hewa ya amonia ambayo huumiza mapafu yao, hasa katika chombo kisichopitisha hewa, na matandiko machafu hueneza magonjwa. Lathrop aliwaajiri watoto wa kijijini kusafisha masanduku kwa senti 7 kwa saa.

Jambo la tatu lilikuwa kumbukumbu. Lathrop aliandika katika madaftari yake panya gani alizaliwa na wazazi gani, nani aliugua na nani alikufa. Kwa mwenye panya wawili au watatu kumbukumbu za namna hiyo huonekana si za lazima. Bila hizo, hata hivyo, Lathrop asingeweza kujua kama ugonjwa ulikuwa ukirudi katika familia ileile.

Kuuza kwa watafiti

Mwaka 1902 William Castle, mtaalamu wa elimu ya urithi katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kununua panya kutoka Granby. Kanuni za Gregor Mendel zilikuwa zimefufuliwa miaka miwili tu kabla, na watafiti walitaka kujua kama zinawahusu mamalia pia. Panya wa kufugwa walifaa kwa sababu rangi zao ni rahisi kufuatilia na vizazi vyao ni vifupi. Punde si punde, maabara zikawa wateja wakubwa wa shamba lililoanzishwa kwa ajili ya wapenda wanyama.

Utafiti wa saratani

Mnamo mwaka 1908 Lathrop aliona vidonda na uvimbe wa ajabu katika ngozi ya baadhi ya panya wake. Badala ya kuwatupa wagonjwa na kuuza wazima, alituma sampuli kwa wanasayansi kadhaa. Leo Loeb, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alizichunguza na kuthibitisha kwamba zilikuwa saratani.

Kutokana na mawasiliano hayo wawili hao wakaanza kufanya kazi pamoja. Majaribio mengi yalifanyika Granby kwenyewe, na kati ya miaka 1913 na 1919 walitoa makala zipatazo kumi. Walionyesha kwamba saratani ya matiti hutokea mara nyingi katika nasaba fulani na mara chache katika nyingine. Walionyesha pia kwamba majike walioondolewa ovari wakiwa wadogo walipata uvimbe mara chache zaidi, ilhali waliobeba mimba walipata mara nyingi zaidi. Matokeo hayo yalikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo kwamba homoni zina sehemu katika saratani ya matiti.

Mwaka 1936 John Bittner alieleza sehemu nyingine ya fumbo hilo: katika nasaba fulani chanzo cha uvimbe hupita katika maziwa ya mama. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo hicho ni virusi.

Kifo na urithi wake

Lathrop alifariki mwaka 1918 kwa ugonjwa uleule uliomtoa darasani, miaka minane kabla ya tiba yake ya kwanza, ulaji wa maini, kutangazwa.

Mwaka 1921 Clarence Cook Little, aliyekuwa mwanafunzi wa Castle, alitumia panya waliotoka kwa Lathrop kuanzisha nasaba ya C57BL. Namba 57 ni ya panya jike aliyekuwa mama wa nasaba hiyo. Tawi lake moja, C57BL/6, limekuwa panya anayetumika zaidi katika maabara, na mwaka 2002 jenomu yake ilitangazwa, ikiwa ya kwanza ya mamalia baada ya ile ya binadamu. Mwaka 1929 Little alianzisha Jackson Laboratory katika jimbo la Maine, ambako madaftari ya Lathrop yamehifadhiwa.

Kwa muda mrefu Lathrop alitajwa kama muuzaji wa panya tu, au kama kioja cha magazetini. Siku hizi wanahistoria wa sayansi humhesabu miongoni mwa watafiti, kwa kuwa aligundua ugonjwa, akatafuta maelezo yake na kushiriki katika majaribio.

Uhusiano na Afrika

Panya wa Lathrop walikuwa panya wa nyumbani, jina la kisayansi Mus musculus. Wasichanganywe na panya shamba, Mastomys natalensis, ambaye huwapa hasara wakulima wa mahindi katika mikoa mingi ya Tanzania. Panya shamba, kama panya wengine wa porini, huweza kubeba viroboto wa tauni. Kwa hiyo anayeanza kufuga, awe Singida au kwingineko, hapaswi kukamata panya wa shambani na kumweka nyumbani. Panya wa kufugwa hutoka kwa wazazi waliozaliwa katika ufugaji.

Mwaka 1948 Vincke na Lips waligundua huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kimelea cha malaria Plasmodium berghei katika panya wa porini. Kimelea hicho huambukiza panya wa maabara kwa urahisi, hivyo panya hao, pamoja na wa nasaba zilizotoka Granby, wametumika sana kuchunguza malaria na kujaribu dawa zake.