Kerckhoffs: mwalimu wa lugha aliyekataa kutegemea ufiche

Mabishano kati ya wapenzi wa Linux na wapenzi wa Windows hayajaisha, na sidhani kama yataisha karibuni. Kila ninapoyasikiliza kuna hoja moja inarudi: kwamba mfumo endeshi ambao kila mtu anaweza kusoma ulivyoandikwa hauwezi kuwa salama, maana na mwizi naye anausoma. Ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini kabisa. Nani anampa jambazi ramani ya nyumba yake?

Jibu la hoja hiyo lilitolewa miaka mingi kabla kompyuta hazijakuwepo. Aliyelitoa hakuwa fundi mitambo wala jenerali. Alikuwa mwalimu wa Kijerumani. Leo nataka tumzungumzie huyu bwana, maana jina lake linatajwa kila panapofundishwa usalama wa kompyuta, ila maisha yake wanaoyajua ni wachache.

Anaitwa Auguste Kerckhoffs. Alizaliwa tarehe 19 Januari 1835 huko Nuth, katika jimbo la Limburg, kusini mwa Uholanzi. Alisoma Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, akafundisha shule za Uholanzi na Ufaransa, na baadaye akawa profesa wa Kijerumani jijini Paris, katika École des Hautes Études Commerciales, shule ya mambo ya biashara.

Sasa, mwalimu wa lugha na mambo ya jeshi wapi na wapi? Ufaransa wakati huo ilikuwa bado inauguza jeraha. Prussia na washirika wake walikuwa wameitwanga katika vita vya 1870 na 1871. Isitoshe, telegrafu ilikuwa imebadilisha mambo. Amri za vita hazikubebwa tena na mpanda farasi tu, zilipita kwenye waya, na waya adui anaweza kuudukua. Kwa hiyo ujumbe ulibidi uandikwe kwa mafumbo. Tatizo ni kwamba sasa watu wengi walihitaji kuujua mfumo wa kufumba: maofisa, makarani, vituo vya mbali. Siri ya watu wengi namna hiyo si siri tena. Kitabu kimoja kikitekwa, au karani mmoja akihongwa, jeshi zima liko uchi.

Kerckhoffs akaandika makala ndefu, La Cryptographie militaire, iliyotoka katika Journal des sciences militaires mwezi Januari na Februari 1883. Humo aliweka masharti sita. Mfumo wa mafumbo uwe hauvunjiki kwa vitendo, hata kama kwa hesabu unaweza kuvunjika. Ufunguo wake uweze kukaririwa bila kuandikwa, na ubadilishwe wakati wowote. Ufae kwa telegrafu. Ubebeke, na mtu mmoja aweze kuutumia. Uwe rahisi, usimchoshe akili anayeutumia. Hayo ni matano. Lililobaki, ambalo yeye aliliweka la pili, ndilo lililompa jina: mfumo wenyewe usihitaji kufichwa, na ukiangukia mikononi mwa adui usilete balaa.

Angalia alichofanya hapo. Alitenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kufuli na ufunguo wake. Namna kufuli linavyofanya kazi aijue kila mtu, hata mwizi. Kinachofichwa ni ufunguo tu, maana ni kitu kidogo, na ukipotea unabadilishwa jioni hiyohiyo. Lakini kama usalama wako wote ulikuwa kwenye muundo wa kufuli na muundo umevuja, utafanyaje? Utaligawia jeshi zima mfumo mpya katikati ya vita?

Ukitaka mfano wa karibu, fikiria pesa za simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, hatua za kutuma pesa anazijua kila mtu, hadi mtoto anayetumwa dukani. Unachoficha wewe ni namba ya siri. Ukihisi mtu ameiona, unaibadilisha, basi. Hakuna anayekosa usingizi eti kwa sababu jirani anajua pesa zinatumwaje.

Miaka 100 baada ya makala ile, Septemba 1983, Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa kujenga mfumo endeshi huria. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Sisemi kwamba walianza kwa sababu ya Kerckhoffs, na yeye mwenyewe alikuwa anazungumzia mafumbo ya jeshi, si mifumo endeshi. Lakini kila waliposhambuliwa kwamba uwazi ni hatari, watetezi wa programu huria walikuwa na mzee wa kumtaja.

Na historia imemuunga mkono mara nyingi. Fumbo la kulinda mazungumzo ya simu za GSM, liitwalo A5/1, lilitengenezwa miaka ya 1980 na muundo wake ukafichwa. Mwaka 1994 ukaanza kuvuja, na 1999 ukajulikana wote baada ya watu kuichambua simu yenyewe. Wataalamu walipoutazama wakaukuta dhaifu, na wakati huo tayari uko mifukoni mwa mamilioni ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Serikali ya Marekani ilipotafuta fumbo jipya ilifanya kinyume. Mwaka 1997 ilitangaza shindano la wazi, na wataalamu wa dunia nzima wakaalikwa kuyashambulia mapendekezo yote. Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, walishinda, na mwaka 2001 fumbo lao likawa kiwango rasmi kiitwacho AES. Limechapishwa lote, neno kwa neno, na hadi leo linalinda benki na simu duniani.

Lakini tusiwe mashabiki wa mpira hapa. Uwazi peke yake hautoshi. OpenSSL ni programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno. Mwaka 2012 liliingia humo kosa lililokuja kuitwa Heartbleed, likakaa wazi mbele ya macho ya wote hadi Aprili 2014 ndipo likatangazwa. Kila mtu aliruhusiwa kusoma, kila mtu akadhani mwenzake amesoma. Machi 2024 ikagundulika kwamba mtu aliyejijengea uaminifu kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa ametia mlango wa uani ndani ya xz, programu ndogo inayotumika kwenye Linux. Aliyemnasa ni Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta yake kumechelewa kama nusu sekunde. Uwazi ulimpa nafasi ya kufukua hadi chini. Ila ilibidi awepo mtu wa kufukua.

Upande wa pili nako si shwari. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye mwanya wa Windows, kikakumba nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kurudisha wagonjwa. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa linaujua mwanya huo na kuutumia kimyakimya, mpaka silaha yake ikaibwa na kumwagwa hadharani. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka mwezi Machi, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimekiweka. Msimbo kufungwa hakukumzuia mwizi, na wenye mali walikuwa wa mwisho kujua.

Nirudi kwa Kerckhoffs, maana maisha yake yana sura nyingine ya kusikitisha. Mwaka 1880 padri Mjerumani, Johann Martin Schleyer, alichapisha lugha aliyoibuni ili dunia nzima izungumze, Volapük. Kerckhoffs akaipenda, akaandika kitabu cha kuifundisha, akaieneza Ufaransa. Mwaka 1887 mkutano wa Munich ukaunda Akademia ya lugha hiyo, yeye akawa mkuu wake. Wanafunzi walitaka lugha irahisishwe. Schleyer akasema lugha ni yake, na neno la mwisho ni lake. Mwaka 1889 walikutana Paris wakavutana, wasipatane. Mwaka 1891 Kerckhoffs akajiuzulu, na Volapük ikaporomoka. Wengi walihamia Esperanto, ambayo muasisi wake, Zamenhof, alikuwa ametangaza tangu 1887 kwamba haki zote ameziachia umma.

Kerckhoffs alifariki tarehe 9 Agosti 1903 huko Uswisi. Lugha aliyoipigania karibu isahaulike. Sharti moja kati ya sita ndilo lililobaki.

Mimi nalisoma sharti hilo hivi. Swali la kumuuliza anayekuuzia mfumo si kama ni Linux au Windows. Muulize: siri hii ikivuja kesho, nitabaki na nini? Na nani zaidi yako ameruhusiwa kukagua? Hata Microsoft ililiona hilo, ndiyo maana mwaka 2003 ilianza mpango wa kuzionyesha serikali msimbo wa Windows. Mwananchi wa kawaida bado hana ruhusa hiyo. Serikali zetu zinaweka kwenye kompyuta vitambulisho vyetu, kodi zetu, hesabu za kura zetu. Tukiambiwa tuamini tu kwa sababu mfumo ni wa siri, tunaambiwa jambo ambalo mwalimu wa Kijerumani alishalikataa mwaka 1883. Na mfumo ukiwa huria, tukakosa vijana wanaolipwa kuusoma, tutakuwa tumefungua dirisha halafu tukalala.

Wewe unasemaje? Ofisini kwenu, nani anajua kilichomo ndani ya mfumo mnaoutumia?