Mholanzi aliyeipangia simu yako foleni

Simu uliyoishika sasa hivi pengine ina prosesa ya viini vinane. Yaani ni kama akili nane zinazopiga kazi kwa wakati mmoja, na zote zinachota kwa memori moja. Mbona hazigongani? Hapo inabidi nikupeleke Uholanzi kwa jamaa anayeitwa Edsger Dijkstra.

Alizaliwa Rotterdam mwaka 1930, baba mwanakemia, mama mwanahisabati. Alisomea fizikia Leiden, lakini kuanzia 1952 alikuwa anaandika programu kwenye kituo cha hisabati Amsterdam. Kazi hiyo ilikuwa haijulikani kabisa. Alipooa mwaka 1957 akajaza kwenye fomu ya ndoa kwamba yeye ni mwandishi wa programu, maofisa walikataa, ikabidi aandike mwanafizikia. (Wewe unayeulizwa na shosho unafanya nini hasa kwa hiyo laptopu, pole, hukuanza wewe.)

Watu wengi wanamjua kwa hesabu ya kutafuta njia fupi zaidi kwenye ramani. Aliitunga kichwani mwaka 1956, kwa dakika kama 20, akinywa kahawa na mchumba wake. Lakini mimi naona kazi yake kubwa ni ile nyingine.

Fikiria akaunti yenye shilingi 500. Kiini cha kwanza kinasoma 500, na kabla hakijaandika chochote, cha pili nacho kinasoma 500. Kila kimoja kinatoa 300 na kuandika kwamba zimebaki 200. Umetoka na 600 kutoka kwa 500! Ubaya wa kosa kama hili ni kwamba ukilitafuta halionekani, linatokea siku moja tu viini vikipishana vibaya.

Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha suluhisho lililoenea ukurasa mmoja tu: jinsi kompyuta kadhaa zinavyoweza kukubaliana kwamba moja tu ndiyo iingie mahali nyeti kwa wakati mmoja. Pia alibuni semafo, jina lililotoka kwa ishara za reli. Ukiishi ploti hapa Mumbuni unaielewa tayari. Bafu ni moja, ufunguo ni mmoja, unaning'inia kwa msumari. Ukiukuta unauchukua. Usipoukuta unangoja, na aliye ndani akitoka anaurudisha, anayefuata anaingia. Akisahau kuurudisha, ploti nzima inakwama, na hivyo ndivyo simu inavyoganda wakati mwingine.

Semafo hizo alizitumia na wenzake kujenga mfumo wa kuendesha kompyuta pale chuo cha ufundi Eindhoven, maelezo yakatoka 1968. Mwaka 1972 akapewa Tuzo ya Turing. Baadaye alifundisha Austin, Texas, kuanzia 1984 hadi 1999, akiendelea kuandika makala zake kwa mkono, kalamu ya wino, zaidi ya 1,300. Alikufa kwa saratani Agosti 2002, nyumbani kwake Nuenen.

Linux, ambayo keneli yake ndiyo iko ndani ya Android, ilianza kukubali prosesa nyingi rasmi mwaka 1996. Mwanzoni walitumia kufuli moja kubwa kwa keneli nzima: kiini kimoja kikiwa ndani, vingine vinasubiri nje hata kama vinataka kitu tofauti. Ni kama ufunguo wa bafu ndio huo huo wa jikoni na wa geti. Polepole wakaikatakata kuwa kufuli ndogo ndogo, kila kitu na yake, na ile kubwa ikaondolewa kabisa mwaka 2011, miaka tisa baada ya mzee kufa.